Glavu za zimwi mikononi mwa asiyezihitaji: namna ya kushirikiana vifaa vya uchawi ndani ya kikundi

Swali: Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la tano. Tuko watano na mwendeshaji (anayesimulia hadithi na kuamua kanuni), na wahusika wetu wamefika ngazi ya 7. Tangu siku ya kwanza tunagawana vifaa vya uchawi kwa dadu: kila mtu anarusha, wa juu anachukua. Hadi sasa tumepata kumi. Mwenzetu anayeigiza mpiganaji ana vitano: upanga wa +1, pete ya kinga, joho la kinga, viatu vyenye mabawa na glavu za nguvu za zimwi. Mimi naigiza kasisi anayepigana mstari wa mbele, Nguvu 12, na sijapata hata kimoja. Nilimwomba aniazime glavu, akasema alizishinda kihalali, na wengine wakanyamaza. Sitaki kuonekana mlalamishi. Je, kuna namna ya kushirikiana vifaa bila kugombana? Na kanuni zinaruhusu kupokezana kifaa kimoja katikati ya pambano?

Jibu: Nianze na hilo la kuonekana mlalamishi, maana naona ndilo lililokufunga mdomo muda wote huu. Huna mkosi, na mwenzako hajamdhulumu mtu. Utaratibu mliouchagua ndio unaozaa hali kama yako. Watu watano wakigombea kila kifaa kwa dadu, kila mmoja ana nafasi moja kati ya tano, na dadu haikumbuki nani alichukua nini wiki iliyopita. Kwa vifaa kumi, uwezekano wa wewe binafsi kutoka mikono mitupu ni karibu asilimia 11, na hapo mtu atasema ni bahati mbaya tu. Lakini uwezekano wa kuwa angalau mmoja wenu watano atatoka mikono mitupu ni karibu asilimia 48. Chukua meza mia zinazogawana kama ninyi: karibu hamsini zina mtu anayeniandikia barua kama hii, au anayeacha kuja kucheza bila kusema kwa nini.

Jambo hili lilijulikana mapema sana. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, na kufikia 1978 kitabu cha wachezaji cha toleo la Advanced kilikuwa na nyongeza nzima ya mapendekezo ya mikataba ya kugawana hazina. Miaka minne tu, na tayari ilionekana kwamba kikundi kinahitaji kupatana kabla sanduku halijafunguliwa. Toleo la nne, la mwaka 2008, likaleta njia nyingine: wachezaji waandike orodha ya vifaa wanavyovitamani, mwendeshaji aviweke njiani. Toleo mnalocheza haliwalazimishi utaratibu wowote, limewaachia mezani. Ila limeweka kikwazo kimoja, na kwenu kikwazo hicho ndicho kitakachofungua mazungumzo.

Vifaa vingi vyenye nguvu vinadai mhusika afungamane navyo kwanza ndipo vifanye kazi, na mhusika hawezi kufungamana na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Hesabu sasa vya mwenzako. Upanga wa +1 haudai. Pete ya kinga inadai, joho la kinga linadai, viatu vyenye mabawa vinadai, glavu zinadai. Hivyo ni vinne, na nafasi ni tatu. Maana yake kuna kifaa kimoja ambacho sasa hivi kimelala mfukoni mwake hakimfai yeye wala mtu mwingine, au anavitumia vyote vinne bila kujua kuna kikomo. Hili la pili hutokea mara nyingi na kwa nia njema kabisa, kwa hiyo usilitaje kama vile umemfumania.

Tuje kwenye glavu zenyewe. Glavu za zimwi haziongezi Nguvu, zinaiweka kwenye 19. Hujaniambia mpiganaji wenu ana Nguvu ngapi, lakini mpiganaji wa ngazi ya 7 ameshapita nafasi mbili za kuongeza uwezo, ya ngazi ya 4 na ya 6, na kwa kawaida anayetegemea Nguvu huwa amefika 18 au 20. Kama ana 20, glavu hazimpi kitu. Kama ana 18, tazama jedwali la bonasi: 18 ni +4, na 19 pia ni +4. Hagongi zaidi, haumizi zaidi. Anachopata ni ratili 15 za mzigo na futi moja ya kuruka mbele. Kama ana 16, anapata +1, basi.

Wewe una 12, yaani +1. Tuseme unapiga kwa rungu adui mwenye kinga 14, yaani jumla yako lazima ifike 14 ndipo ugonge. Leo unarusha dadu ya pande 20 na kuongeza 4 (hiyo +1 pamoja na 3 za ustadi wa ngazi yako), kwa hiyo unahitaji 10 kwenda juu: mara 55 kati ya 100. Ukigonga unatoa wastani wa pointi 4.5. Vaa glavu: unaongeza 7 badala ya 4, unahitaji 7 kwenda juu, mara 70 kati ya 100, na kila pigo linatoa wastani wa 7.5. Ukizidisha, umetoka karibu pointi 2.5 kwa zamu hadi 5.25. Zaidi ya maradufu. Na kama kasisi wako anaruhusiwa deraya nzito, kuna faida nyingine watu husahau: deraya ya minyororo inadai Nguvu 13, na asiyefikisha anapunguziwa mwendo kwa futi 10. Huenda umekuwa ukifika kwa majeruhi zamu moja nyuma kila siku kwa sababu hiyo tu.

Kosa la kugawa vifaa kwa jina lake au picha yake nimeliona katika karibu kila kikundi kipya. Glavu za nguvu? Mpe mwenye nguvu. Fimbo ya uchawi? Mpe mchawi. Kumbe kifaa kinachoweka kipimo mahali fulani kinamfaa aliye mbali na kipimo hicho. Miwani ya usiku ni mfano mwingine mzuri. Mhusika wa kabila la elf anayeona gizani tayari, ukimpa, unamwongezea masafa tu. Mpe binadamu pekee kikundini, na ghafla kikundi kizima kinaweza kuzima mwenge na kunyata, kwa sababu mwenge wote ule ulikuwa wa mtu mmoja. Fimbo ya mishale ya uchawi vilevile: haidai kufungamana, yeyote anayeishika anaweza kuitumia, na mishale yake haikosi. Mkononi mwa mchawi ni nyongeza ya kitu alichonacho. Mkononi mwa mpiganaji wa shoka ambaye joka limeruka juu ya kichwa chake, ni tofauti kati ya kupigana na kusimama anatazama.

Vifaa vinavyoongeza, kama upanga wa +1, vina hesabu yake. Hapo anayepiga mara nyingi zaidi ndiye anayefaidi zaidi, na mpiganaji kuanzia ngazi ya 5 anapiga mara mbili. Lakini hebu tupime faida yenyewe, maana hapa ndipo watu huvunjiana heshima bure. Chukua upanga mwembamba ambao mpiganaji na mwizi (mhusika wa kuvizia) wote wanaweza kuutumia, kila mmoja na bonasi ya +4, adui yuleyule wa kinga 14, na tuache kando mapigo ya dadu ya 20, yanayoumiza zaidi. Mpiganaji akipewa ule wa +1, wastani wake kwa zamu unapanda kutoka pointi 11.9 hadi 14.25. Mwizi wa ngazi ya 7 anayepata pigo lake la kuvizia anapanda kutoka 15.75 hadi karibu 17.6. Mpiganaji anafaidi zaidi, ndiyo, kwa karibu nusu pointi. Nusu pointi kwa zamu! Nimewaona watu wazima wakinuniana jioni nzima kwa tofauti ambayo hakuna adui atakayeihisi.

Kwa hiyo hesabu inakufikisha mahali fulani, kisha inaishiwa. Kwenye glavu inasema wazi ziende wapi. Kwenye upanga haisemi kitu cha maana, na hapo unahitaji kipimo kingine. Changu, baada ya miaka ya kuendesha meza, ni hiki: usihesabu vifaa, hesabu nyakati. Kaa ukumbuke kikao chenu kilichopita. Ni mara ngapi meza iligeuka ikakutazama wewe kwa sababu una kitu ambacho wengine hawana? Mwenye viatu vyenye mabawa anatazamwa kila penye shimo, kila penye ukuta, kila penye adui aliye juu. Mwenye pete ya kinga hatazamwi kamwe. Anaongeza 1 kwenye karatasi yake na hakuna anayekumbuka. Vifaa viwili hivi si sawa hata kama kila kimoja kinahesabika kimoja. Mtu anaweza kuwa na pete, joho na mkufu wa kinga ya hiki na kile, akawa bado hana hata dakika moja ya kung'aa, na mwingine akawa na kamba moja ya uchawi akaongoza nusu ya kikao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni usawa wa idadi, kila mtu viwili viwili. Usawa huo unapendeza kwenye karatasi. Kinachomuuma mchezaji ni kukaa saa tatu akisubiri zamu yake, na zamu ikifika afanye kilekile alichofanya mara ya mwisho. Wewe mwenyewe hukulalamika kwamba una sifuri. Uliomba glavu, kwa sababu unataka kusimama mstari wa mbele ukawa na maana.

Sasa swali lako la pili, kupokezana katikati ya pambano. Kwa vifaa visivyodai kufungamana, inawezekana. Katika zamu yako unaruhusiwa kushughulika na kitu kimoja bure huku unatembea au unapiga: kuchomoa silaha, kufungua mlango, kumkabidhi mwenzako fimbo. Cha pili kinakula kitendo chako. Kanuni hazisemi waziwazi anayepokea analipa nini, kwa hiyo mwendeshaji wenu aamue. Mimi hutaka apokeaye awe amesimama kando ya mtoaji na awe na mkono mmoja mtupu. Hili la mkono likaangalie mapema, maana kasisi mwenye ngao kushoto na rungu kulia hana pa kupokelea kitu. Jueni pia kwamba chaji, yaani idadi ya matumizi, ni za kifaa, si za mshikaji. Fimbo yenye chaji 7 ikipita mikononi mwa watu watatu bado ina 7, na zikiisha zimeisha kwa wote mpaka alfajiri.

Kwa vinavyodai kufungamana, jibu ni hapana. Kufungamana kunachukua mapumziko mafupi, yaani saa moja nzima ya kukaa na kifaa hicho tu, na katika kanuni za 2014, zile za mwanzo za toleo lenu, saa hiyo haiwezi kuwa ileile mliyoitumia kujifunza kifaa kinafanya nini. Kifaa kinafungamana na mtu mmoja tu. Uhusiano wa zamani unakatika mwingine anapofungamana nacho, au kikikaa zaidi ya futi 100 kutoka kwa mwenyewe kwa saa 24, au mwenyewe akiamua kuukata kwa mapumziko mengine mafupi. Kwa hiyo kama glavu ndizo zilizolala mfukoni mwa mwenzako, saa moja inakutosha. Kama anazo zimefungamana naye, wewe ukimaliza saa yako uhusiano wake unakatika wenyewe, naye atatumia mapumziko yatakayofuata kufungamana na kile kifaa cha nne kilichokuwa kimelala. Anatoa kisichomfaa, anapata kinachomfaa. Ni hoja nzuri ya kumpelekea.

Umetumia neno kuazima. Hapo ningekushauri ubadili ombi. Kifaa cha kufungamana hakiazimiki vizuri: kukihamisha ni saa, kukirudisha ni saa nyingine, na katikati ya pango lenye maadui saa mbili hazipatikani. Zaidi ya hayo, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mhusika aliyevaa glavu za mwenzake hupigana akijua zinaweza kudaiwa kesho, na mchezaji wake huona aibu kuzipangia chochote. Hajifunzi kupanda ukuta, habadili silaha, haulizi kama sasa anaweza deraya ya bamba. Omba zihame. Ziwe za kikundi, na mshikaji awe wewe.

Kuna kifaa kimoja ambacho kimeundwa kwa ushirikiano tangu mwanzo, na mkikipata msikiuze: pete ya kuhifadhi uchawi. Inabeba jumla ya ngazi tano za uchawi, na yeyote anaweza kuuweka ndani. Jioni, kasisi ambaye siku imeisha na dua zake hazikutumika anaziweka kwenye pete. Asubuhi mwizi aliyefungamana nayo anaivaa akiwa na dua ya kuponya ambayo hakuisomea. Nguvu ya dua inabaki ile ya aliyeiweka, lakini anayeivaa ndiye anayeachilia, na kama ni uchawi unaotaka umakini (wa aina hiyo mtu hudumisha mmoja tu kwa wakati), umakini ni wake. Hapo kasisi anaweza kuwa na mambo mawili ya umakini yanayoendelea kwa wakati mmoja, moja kichwani mwake na moja kichwani mwa rafiki. Ni kifaa ninachokipenda kuliko panga zote.

(Wanaocheza Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la pili, wana nafasi zaidi: vifaa 10 kwa siku badala ya vitatu, na alama za uchawi za silaha zinaweza kuhamishwa kutoka upanga mmoja hadi mwingine kwa siku moja ya kazi na asilimia 10 ya bei ya alama. Kwao swali la nani ashike kifaa gani halibani hivi.)

Nimeongea sana juu ya vifaa vikubwa, na ukweli ni kwamba kifo cha kwanza kilichoniuma kama mwendeshaji kilitokana na vidogo. Kikundi kilikuwa cha wanne, wamekwama juu ya daraja. Malenga wao alianguka zamu ya pili, pointi za uhai sifuri, ng'ambo ya pili ya daraja. Akarusha kujinusuru (ukishindwa mara tatu, umekufa), akashindwa. Mpiganaji akakimbia mpaka akafika ubavuni kwake, kisha akauliza mezani, "Nani ana dawa ya kuponya?" Kila mtu akafunua karatasi yake. Kimya. Malenga akarusha tena, akashindwa tena. Ndipo yule aliyekuwa akimwigiza akasema kwa sauti ya chini kwamba zote tatu anazo yeye, mkobani, alizinunua kijijini na hakumwambia mtu. Mpiganaji alikuwa ameshatumia zamu yake. Dadu ya tatu ikatoka 6. Alikufa na dawa tatu kiunoni, kila moja ikitoa wastani wa pointi 7, na moja tu ingemwinua.

Dawa za kuponya ndizo zinazopaswa kugawanywa sawa kwa idadi, mmoja mmoja, hata kwa mchawi anayekaa nyuma, na hasa kwa mchawi anayekaa nyuma, kwa sababu huyo ndiye mara nyingi anabaki wima wengine wakianguka. Umesema huna hata kifaa kimoja. Kama dawa zote za kikundi ziko kwako kwa kuwa wewe ni kasisi, zitoe zote isipokuwa moja. Wewe una dua. Kwa kanuni za 2014 kunywa au kumnywesha mwenzako dawa kunakula kitendo kizima. Kanuni zilizorekebishwa za 2024 zimekifanya kuwa kitendo cha ziada, ili mradi aliyeanguka awe ndani ya futi 5. Ikiwa mnacheza mpya, mpiganaji anaweza kukunywesha na bado akapiga mara zake mbili. Mwambie ajue.

Baada ya lile daraja, kila kifaa mezani kwangu kina kadi. Kadi ngumu, ndogo kama ya karata. Juu jina la kifaa, chini mstari mmoja wa kinachofanya, pembeni viduara vya chaji vya kuwekewa alama kwa penseli. Kadi inakaa mbele ya anayebeba kifaa, uso juu, na kifaa kikihama mkono kadi inahama mkono. Ile ya fimbo yetu ya mishale imefutwa na kuandikwa mara nyingi mpaka karatasi imekonda, ukiiinua unaona mwanga wa taa kwa nyuma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye mchezo huu hupotea ikiwa imo mkobani.

Kadi zina kazi nyingine ambayo itakusaidia moja kwa moja. Zinaonekana. Mtu mwenye kadi tano mbele yake na jirani yake asiye na hata moja haihitaji hotuba. Mara mbili nimemwona mwenye nyingi akiitazama meza, akachukua moja, akaisukuma kwa jirani bila kuombwa. Wenzako walionyamaza siku ile uliyoomba glavu, sidhani walikuwa upande wake. Nadhani hawakuwa na picha. Kila mtu anajua karatasi yake, hakuna anayejua za watano.

Kwa hiyo nenda hivi. Usilisubiri sanduku la hazina lijalo, kwa sababu mbele ya kitu kinachong'aa hakuna anayesikia. Ongea mwanzoni mwa kikao, kabla dadu ya kwanza haijarushwa, na ukiweza mwambie mwendeshaji siku moja kabla ili asishtuke. Pendekeza kadi kwanza, kama jambo la kurahisisha mchezo, maana ni kweli linaurahisisha. Zikishaandikwa na kuwekwa, uliza mbele ya wote: "Kati ya hivi vinne vya kufungamana, kipi kimelala?" Hilo ni swali, si shtaka, na linajibika. Kisha sema hesabu yako kwa kifupi: "Nikivaa glavu, pigo langu linaongezeka zaidi ya maradufu. Naomba zihamie kwangu." Usitaje haki wala bahati. Yeye alisema alizishinda kihalali, na ni kweli, mlikubaliana hivyo. Ukianza kubishana uhalali wa dadu za zamani utashindwa na utastahili kushindwa. Unachoomba ni matumizi bora kuanzia leo.

Hapohapo badilisheni utaratibu wa mbele. Ninaoupenda mimi ni foleni. Andikeni majina matano, wasio na kitu juu, wenye vingi chini. Kifaa kikipatikana, swali la kwanza kwa wote ni: kuna yeyote ambaye hiki kitamwezesha kufanya jambo asiloliweza jana? Kama kuna mmoja na wote wanakubali, kinakwenda kwake na anashuka mkiani. Kama hakuna au mmebishana, aliye juu ya foleni anachagua kuchukua au kupisha, na anayepisha habanduki nafasi yake. Foleni ina kumbukumbu, kitu ambacho dadu haina. Mkikubaliana pia kwamba mhusika akifa au mchezaji akihama, vifaa vinabaki na kikundi, mtajiepusha na majonzi yenye mabishano ndani yake. Na kifaa kisichojulikana asikijaribu mtu yuleyule kila mara. Baadhi vimelaaniwa, na ukishafungamana navyo huwezi kuvitoa kwa hiari yako, kwa hiyo hatari nayo ipite kwa zamu.

Kuna mpaka mmoja ningekuomba uuheshimu. Kifaa kikishapewa jina, kikishaingia kwenye hadithi ya mhusika, kiache. Kama mpiganaji wenu alivivua vile viatu vyenye mabawa kwenye maiti ya adui aliyemuua kaka yake, na kila akiruka anamtaja kaka yake, viatu hivyo si vya foleni tena, hata hesabu ikisema nini. Sidhani glavu zimefika huko, kwa jinsi ulivyozieleza. Lakini muulize: "Glavu zina maana kwa mhusika wako?" Akisema ndiyo na akaeleza kwa nini, mwamini, na omba pete au joho badala yake. Kasisi wa mstari wa mbele anaihitaji kinga karibu kama rungu.

Na akikataa vyote? Basi usimnunie mezani, na usimruhusu mwendeshaji amtumie mwizi wa usiku akaviiba, kwa sababu hapo mchezo unageuka adhabu na kila mtu ataijua. Mwombe mwendeshaji kitu halali zaidi: kifaa ambacho mpiganaji hawezi kufungamana nacho. Vipo vingi. Fimbo kubwa ya uponyaji, kwa mfano, inakubali kasisi, malenga na drudi (kuhani wa maumbile) tu. Hicho hakiponyi tatizo la kikundi, ila kinakupa wewe nyakati zako wakati wengine wanajifunza kutazama kadi.

Nadhani hatakataa, lakini. Mtu akioneshwa kwamba anachokishika hakimpi hata pointi moja, mara nyingi hukiachia mwenyewe. Mkishakubaliana, tafuteni mahali salama pa kupumzika, kaa na glavu saa yako moja, na mwendeshaji akisema saa imekwisha, andika 19 kwenye kisanduku cha Nguvu. Andika kwa penseli, na ile 12 yako iache palepale pembeni, usiifute.